Risasi Moja, Maana Nne: Uhakiki wa Istilahi za Bunduki za Baruti

Hivi karibuni tuliletewa tuihakiki tafsiri ya kijitabu kinachomfundisha mwenye bunduki ya kale, na mwenye leseni, namna ya kuanza kujitengenezea risasi za baruti nyeusi. Bunduki inayotajwa humo ni Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11. Si ngeni nchini kwetu. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wanaitumia, na moshi wake mzito uliwafichua kwa adui.

Mfasiri ameandika Kiswahili chepesi, na kwa hilo tunampongeza. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: neno *risasi* amelibebesha maana nne. Ni madini yanayoyeyushwa. Ni kipande kinachoruka kutoka mtutuni. Ni kitu kizima kinachotiwa katika bunduki. Tena ni jumla ya zana zote za kufyatulia. Tulipowasomea wazee wa Milola, mkoani Lindi, waliopata kuwinda kwa gobori, mmoja wao alitukatiza: "Risasi ipi, mwanangu? Ninayoiyeyusha au ninayoipiga?" Hatukuwa na jibu, kwa kuwa tafsiri yenyewe haikuwa nalo.

Kasoro ya pili ni hatari zaidi. Kijitabu kinasema *baruti* tu. Lakini baruti ni mbili. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kibiriti, aghalabu kwa sehemu 75, 15 na 10 katika mia. Baruti isiyo moshi, iliyobuniwa Ufaransa na Paul Vieille mwaka 1884, ina nguvu nyingi zaidi kwa ujazo uleule. Msomaji akiitia hiyo ya pili katika bunduki iliyoundwa kwa ajili ya ile ya kwanza, mtutu waweza kupasuka usoni pake. Hapa kivumishi kilichoachwa si suala la mtindo, bali ni suala la uhai.

Tatu, mfasiri ameandika *kujaza* baruti. Wazee wa Milola walisema *kushindilia*, na neno lao ndilo sahihi. Katika Mauser hiyo, ganda hutiwa baruti nyeusi gramu 5 hivi, na kichwa chake cha madini ya risasi kina uzito wa gramu 25 hivi. Baina ya viwili hivyo pasibaki nafasi ya hewa, kwani nafasi hiyo yaweza kuharibu mtutu. Mtu aweza kujaza bila kushindilia. Hawezi kushindilia akaacha nafasi. Kitenzi chenyewe kinabeba agizo lote.

Nne, kile kidude kinachogongwa ili kuwasha baruti mfasiri amekiita *kofia*, hali Kiswahili kina *fataki* tangu zama za magobori. Tunajua litakalosemwa: fataki leo ni za sherehe, na mwishoni mwa miaka ya 2000 matangazo ya redio yalilifanya neno hilo kuwa jina la mwanamume anayewalaghai wanafunzi wa kike. Hata hivyo muktadha unatosha kulilinda. Hakuna atakayedhani kuwa mlaghai huyo hupachikwa katika kitako cha ganda.

Sisi wenyewe tulikusudia kulifufua neno *kiasi*, lililotumika zamani kwa kitu kizima kinachotiwa katika bunduki. Tumeliacha. Katika maandishi ya vipimo, "kiasi cha baruti" kingezua utata mpya badala ya kuuondoa ule wa kale. Tunapendekeza basi tufuate njia ambayo wananchi wamekwisha kuianza wanaposema *maganda ya risasi*:

(a) *risasi* – kitu kizima;
(b) *ganda* – chombo chake cha shaba nyeupe au cha madini mengine;
(c) *kichwa cha risasi* – kinachoruka;
(d) *madini ya risasi* – kinachoyeyushwa;
(e) *fataki* – kiwashio;
(f) *baruti nyeusi* na *baruti isiyo moshi* – pasiachwe kivumishi kamwe.

Huenda watumishi wa serikali wakauliza jambo hili linawahusu nini. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 imezoeleka kuitwa ya "silaha na risasi", na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Mtu aliyekutwa na ganda tupu, je, amekutwa na risasi? Aliyekutwa na kipande cha madini ya kutengenezea vizito vya nyavu, je? Hakimu, karani na mshtakiwa hawana budi kulielewa neno hilo kwa maana moja.

Tunamshauri mfasiri airudie kazi yake, na kabla ya kuichapisha awasomee waliowahi kushika mdeki. Istilahi nyingi tunazodhani hazipo zimo vinywani mwao, nao wanazidi kupungua.