Idili ya Fundi Kalafati

Neno idili limo katika kamusi, limeelezwa kwa juhudi na bidii, ila ni nadra kulisikia mdomoni mwa mtu. Mimi nalipenda, na kazi ninayoiona inalistahili kuliko nyingine ni ya kukalafati vyombo vya baharini.

Jahazi linalojengwa Nungwi au Matondoni, hata mbao zikichongwa kwa tezo vizuri namna gani, hubaki na nyufa kati ya ubao na ubao. Fundi husokota pamba, huilowesha mafuta, kisha huishindilia ufani kwa chembeu na nyundo. Chembeu ni butu kwa makusudi, isije ikaikata pamba. Basi fundi husogea shibiri kwa shibiri, kutoka omo hadi tezi.

Anayetazama mara ya kwanza hudhani kazi yote ni nguvu. Sivyo. Mti mkavu huvimba ukiingia majini. Pamba ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zitasukumana na kulegeza misumari kwenye mataruma. Ikipungua, bahari itaingia. Kiasi hicho hakipimwi kwa rula. Fundi husikiliza. Pamba ikiwa bado legevu, nyundo hulia sauti iliyofifia. Ikikaza, mlio huwa mkali, na hapo mkono husimama. Kusimama huko, pigo moja kabla ya kuharibu, ndiko ninakokuita idili. Na si mara moja: ni kwenye kila ufa, jua likiwa utosini, hata kule karibu na mkuku ambako fundi hulazimika kulala chali mchangani.

Chombo cha zamani hungojewa bamvua. Hupandishwa maji yakijaa, yakipwa hubaki pakavu, na saa za kazi ni chache. Fundi wa kweli hafungui ufa asioweza kuuziba kabla bahari haijarudi. Mwisho chini hupakwa shahamu, mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Jahazi jipya likishushwa, huvuja. Maji hujikusanya ngamani, mabaharia huyafua kwa upo, na wasiojua huanza kumlaumu fundi. Siku chache baadaye mbao zimeshakunywa maji, zimevimba na kuibana pamba, na ngama inapungua maji. Nahodha mzoefu hapakii shehena mpaka siku hizo zipite.