Mji, Mũsyĩ na Njia ya Nairobi

Neno mji la Kiswahili na neno mũsyĩ la Kikamba ni ndugu wa asili moja. Hata hivyo, mtu wa Tawa asemapo kwamba anarudi mũsyĩ akusudia nyumbani kwao, kwenye boma la wazee wake. Mji, kwa maana ya Kiswahili cha leo, ndiko anakotoka. Wanaisimu huitaja tofauti hii kuwa ni mabadiliko ya maana, kisha hupita. Yafaa wanajiografia na wanauchumi waliochunguza Ukambani nao waitazame.

Kitabu tunachokikusudia ni More People, Less Erosion cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kilichotoka mwaka 1994. Hoja yake ni mashuhuri. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika juu ya ardhi ya Ukambani kama mtu aandikaye tanzia. Lakini tangu 1930 hadi 1990 idadi ya watu katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumlisha Makueni na milima ya Mbooni ilipo Tawa, ilipanda kutoka 240,000 hivi hadi karibu milioni 1.4, na mmomonyoko ukapungua kwa kuwa miteremko ilijengwa matuta. Waandishi wanaona kwamba ukaribu wa Nairobi ulisaidia sana: jiji lilinunua mazao, likalipa mishahara, likarudisha mashambani fedha na maarifa.

Ni jibu zuri kwa wale waliozoea kumhesabu mkulima wa Kiafrika kuwa adui wa ardhi yake. Walakini, picha ya jiji litoalo na shamba lipokealo haitoshi, na ushahidi umo katika msamiati wenyewe. Tuta lililoenea zaidi huitwa fanya juu, kwa kuwa mchimbaji hukata mtaro kukingama mteremko na kuurusha udongo upande wa juu. Jina hilo ni amri. Ndani yake twasikia sauti ya msimamizi wa kazi, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yake. Waliochimba, kwa upande wao, walijiita mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana, na wakoloni wenyewe walilazimika kukitegemea kikundi hicho kazi ya shuruti iliposhindwa. Katika tuta moja, basi, lugha mbili zimekutana, kila moja na fikra yake juu ya kazi.

Historia yatoa ushahidi mwingine. Mwaka 1938 serikali iliponyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha kuokoa ardhi, Wakamba kwa maelfu walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi Kariokor wakidai kuonana na Gavana. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa mifugo kwa nguvu uliachwa mwaka uleule. Safari hii shamba ndilo lililopeleka fikra mjini.

Fasihi nayo isisahauliwe. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alieleza katika After 4.30 (1974) masaibu ya wanawake wa maofisini Nairobi. Mwanauchumi huiona fedha ikishafika shambani. Maillu aionyesha ilivyopatikana, na kwa bei gani.

Dosari kubwa zaidi ni kwamba kitabu chawazungumzia Wakamba kana kwamba wote waliunganishwa na jiji kwa kadiri moja. Utafiti wa John Murton juu ya Mbooni, uliotolewa mwaka 1999, ulionyesha kwamba kipato cha nje ya shamba ndicho kilichowawezesha baadhi ya watu kuboresha ardhi yao, huku wengine wakizidi kudidimia. Kwa jamaa asiye na mtoto hata mmoja mwenye mshahara Nairobi, barabara ileile ishukayo kutoka Tawa humletea bei ya mbolea na mnunuzi wa shamba lake. Je, huyo naye ahesabiwe katika watu wengi walioiokoa ardhi, ilhali iliyookolewa si yake tena?