Tabo, Rejeta na Kipozi: Uhakiki wa Istilahi za Kupoza Gari la Mashindano

Mezani petu imefika rasimu ya istilahi za ufundi wa magari, na ndani yake imo sehemu ihusuyo magari ya kawaida yanayobadilishwa nyumbani au gerejini hadi yakafaa kushindana. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki fungu moja tu la sehemu hiyo, yaani istilahi za kupoza injini yenye tabo. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndilo lililoundwa kwa haraka kuliko mengine. Pili, hapa neno baya halimchoshi msomaji tu, bali huweza kuunguza pistoni.

Yafaa tueleze kwanza jambo lenyewe, kwa kuwa istilahi haiwezi kupimwa na asiyekijua kinachoitwa. Tabo ina mapanga pande mbili za shafti moja. Moshi wa ekzosi huzungusha upande mmoja. Upande wa pili huvuta hewa na kuishindilia kuelekea ndani ya injini. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Faida yake ni kwamba injini ndogo hupata hewa nyingi, ikachoma mafuta mengi, ikatoa nguvu ya injini kubwa. Hasara yake ni joto. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi ikishindiliwa hadi kanieneo lake liwe maradufu, kwa tabo yenye ufanisi wa asilimia 70, hutoka ikiwa na nyuzi zipatazo 125. Ikipozwa hadi nyuzi 50 kabla ya kuingia injini, kanieneo likibaki lilelile, uzito wake katika ujazo uleule huongezeka kwa takriban asilimia 23. Mjenzi wa gari la namna hii ana vitu vitatu vya kupoza: hewa, maji na oili. Istilahi zisizovitenga vitatu hivi hazimfai.

Tuanze na tabo yenyewe, ambayo rasimu inaiita "kishindiliahewa". Neno hili limejengwa vizuri kisarufi, lakini halitengi. Kompresa ya mziba pancha nayo hushindilia hewa. Vilevile upo mtambo unaozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye injini, nao hushindilia hewa pasipo kugusa moshi wa ekzosi. Sifa inayoitenga tabo ni kutumia moshi ambao ungetupwa bure, na sifa hiyo haimo katika neno lililopendekezwa. "Tabo", kwa upande wake, linatamkika, linapokea viambishi vyetu bila taabu, tena linafahamika. Injini za namna hii si ngeni Afrika Mashariki: Toyota Celica Twincam Turbo ilishinda Safari Rally miaka 3 mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Hatuoni sababu ya kulifukuza neno lililokwisha kukaribishwa.

Istilahi iliyo dhaifu kupita zote ni "kipozi-kati". Msomaji ana haki ya kuuliza: kati ya nini na nini? Jina la Kiingereza lilitoka kwenye mitambo ya viwandani inayoshindilia hewa kwa hatua, ambamo kipozi huwekwa baina ya hatua moja na nyingine. Katika gari lenye tabo moja, hatua ni moja tu. Aliyeunda neno hili amefasiri kiambishi cha kigeni pasipo kukitazama chombo.

Tuchukue mfano wa Subaru Impreza WRX, gari linalojulikana sana kwa mafundi wa Kenya na Uganda. Chombo tunachokizungumzia hukaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Baadhi ya wajenzi hukihamishia mbele, nyuma ya bampa, ili kipate upepo zaidi. Hapo huwa mbele ya rejeta, na upepo unaoifikia rejeta huwa umekwisha kupashwa joto. Upepo mmoja umepewa kazi mbili. Asiyejua kwamba chombo cha kwanza kinapoza hewa na cha pili kinapoza maji atashangaa kuona hewa ya tabo imepata nafuu huku maji yakichemka. Neno "kati" halimsaidii hata kidogo. Sisi tunapendekeza "kipoza hewa ya tabo". Litasemwa kuwa ni refu. Lakini tukilikata likawa "kipoza hewa", msikilizaji atadhani tunataja kiyoyozi cha abiria.

Hali kadhalika, "kipozi-mafuta" lina utata usiovumilika. Gerejini, mafuta ni petroli au dizeli. Kinacholainisha injini ni oili. Mwenye gari lililokwisha mafuta na mwenye gari lililokwisha oili wamepatwa na misiba miwili mbalimbali: wa kwanza atasimama njiani, wa pili atapoteza injini. Aidha, yapo magari ya mashindano yanayopoza petroli yenyewe. "Kipoza oili" humaliza shaka yote. Kuhusu rejeta, ambayo rasimu inataka iitwe "kipozi" tu, tunasema ibaki rejeta. Vikiwa vipozi viko vitatu, kimoja hakiwezi kujitwalia jina la ukoo.

Neno "kinyunyizio" nalo limebebeshwa kazi mbili zinazopingana. Baadhi ya matoleo ya Impreza WRX STI yalitoka kiwandani yakiwa na kifaa cha kurashia maji juu ya kipoza hewa ya tabo. Maji hayo hugeuka mvuke na kuondoka na joto, wala hayaingii ndani ya injini. Desturi nyingine ni kuingiza maji na methanoli katika hewa iendayo silindani. Oldsmobile Jetfire ya Marekani, iliyotoka mwaka 1962 ikiwa miongoni mwa magari ya kwanza yenye tabo kuuzwa kwa umma, ilikuwa na chupa ya mchanganyiko huo. Chupa ilipokauka, mtambo ulipunguza kanieneo la tabo ili kuinusuru injini. Maji yakizidi nje, hasara ni matone barabarani. Yakizidi ndani ya silinda, injini huvunjika, kwa kuwa maji hayashindiliki kama hewa. Tunapendekeza "kinyunyizio" kiwe cha nje, na cha ndani kiitwe "kidungio", kwa mfano wa sindano.

Mwisho tunafikia neno "kunoki". Hapa rasimu imekopa gerejini, jambo jema, ila imekopa bila kuuliza maana. Fundi wa Tanzania akisema "injini imenoki" huwa anatangaza msiba: injini imekufa, inangoja kufunguliwa. Rasimu imelipa neno hilohilo maana ya petroli na hewa kulipuka vyenyewe silindani bila kungoja mwali wa plagi uvifikie. Hiyo ni dalili, na mwenye kuisikia mapema bado ana nafasi ya kuokoa mali yake. Kitabu kikiagiza "injini ikinoki, punguza kanieneo la tabo", fundi ataona kimechelewa. Tunapendekeza "kujilipukia". Kiswahili husema kujiendea na kujisemea kwa jambo litendekalo pasipo kuongozwa, na hivyo ndivyo mlipuko huo ulivyo.

Kwa ufupi, tunaomba rasimu irudishwe na kupimwa upya kwa kanuni hizi:

(a) Chombo cha kupoza kitajwe kwa kile kinachopozwa.

(b) Neno lililoenea gerejini lisiondolewe ila likiwa na utata.

(c) Neno lililo na maana gerejini lisipewe maana nyingine kitabuni.

Kanuni hizi si ngumu, lakini haziwezi kutimizwa kwa kamusi peke yake. Rasimu na isomwe mbele ya mafundi, boneti likiwa wazi, kila neno liguse chombo chake. Yapo maneno yatakayoanguka siku hiyo. Ni heri yaanguke hapo kuliko katika mtihani wa mwanafunzi wa ufundi, au katika injini ya kijana aliyeijenga kwa akiba yake ya miaka.