"Rudia!": Nani Hadhira katika Studio ya Sikukuu?

Wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kukariri mambo sita ambayo Mulokozi, katika makala yake ya Mulika namba 21 ya mwaka 1989, aliyaona kuwa ndiyo yanayoitawala fasihi hiyo: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Tunayakariri, tunayamwaga kwenye mtihani, kisha basi. Makala haya yanakusudia kuyapeleka mahali yanapopata taabu kidogo, yaani ndani ya chumba cha kurekodia kipindi cha redio cha sikukuu. Hoja yangu ni kwamba chumba hicho hakiui hadhira, kama wanavyodai baadhi ya wenzetu kwenye semina. Kinachofanyika ni kwamba kazi ya hadhira inakabidhiwa mtu mmoja ambaye hatujamtia kwenye orodha yetu, naye ni mtayarishaji wa kipindi.

Tuanze na wakati. Kipindi cha sikukuu mara nyingi hakirekodiwi siku ya sikukuu. Nililishuhudia jambo hili kwetu Vwawa wakati wa likizo, kwenye kituo kimoja kidogo cha redio, Krismasi ikiwa bado wiki mbili. Walialikwa watunzi watatu wanaoimba tungo zao wenyewe kwa gitaa. Mtangazaji akafungua kwa kuwatakia wasikilizaji heri ya siku hii ya leo, akawauliza wageni wameamkaje asubuhi hii ya Krismasi, nao wakajibu kwamba wameamka na pilau, bila hata kupepesa macho! Je, huu ni uongo? Kwa maoni yangu, hapana. Ni mapatano, kama yale ya mtambaji na watoto anapoanza hadithi kwa "Paukwa" nao wakajibu "Pakawa". Ila hapa anayejibu "Pakawa" yuko mbali, na atajibu baada ya wiki mbili. Kwa hiyo utungo huu una nyakati mbili na mahali pawili: pale ulipoimbwa na pale utakaposikiwa. Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982, aliuita usimulizi wa redio na vyombo vya aina yake usimulizi wa pili, kwa sababu umejengwa juu ya maandishi na mitambo. Ni kweli, lakini jina hilo halituambii nani anashika usukani.

Sasa tuje kwenye hadhira. Kwenye ngoma, watu wakipiga kelele "Rudia!" maana yake wimbo umewagusa. Studioni neno hilo hilo hutamkwa na mtayarishaji, na maana yake ni kinyume: umekosea, au lori limepita. Vwawa iko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, na malori yanayoelekea Tunduma hayangojei mtu amalize kiitikio. Basi mtunzi mmoja akaurudia mwanzo wa wimbo wake mara nne. Mara ya nne ilikuwa safi kabisa, na baridi. Ile ya pili, ambayo lori liliiharibu, ndiyo iliyokuwa na uhai. Msikilizaji wa Krismasi hakupewa nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili. Alichaguliwa.

Lakini marudio si jambo zito sana. Zito ni ubeti uliokatwa. Mgeni wa mwisho, mtu mzima, aliimba juu ya mke wa dereva ambaye sikukuu imemkuta kwenye foleni ya malori pale Tunduma. Ubeti wa kwanza ni salamu. Wa pili, watoto wanauliza baba atafika saa ngapi. Wa tatu, mke anahesabu siku ambazo foleni ingepaswa kuwa imekwisha, kisha anauliza kama upande wa pili, Nakonde, kuna mlango mwingine unaofunguliwa dereva akibisha. Hapo mtayarishaji akasimamisha. "Mzee, hiyo ya tatu tuiache. Watu watakuwa wanakula. Halafu dakika nazo zimetuishia." Mzee akajibu, "Haya, mwanangu," akaimba beti mbili.

Wenzangu, tuutazame wimbo huo kifani. Ukiwa na beti tatu, swali la watoto ni kejeli chungu, kwani wanauliza kwa usafi wa moyo jambo ambalo mama yao anaogopa kulijibu. Ukiwa na beti mbili, swali lile lile ni tamu, na wimbo mzima unageuka kadi ya salamu. Hakuna neno lililobadilishwa, lakini utanzu umebadilika: wimbo wa malalamiko umekuwa wimbo wa pongezi. Mhakiki atakayeupata kwenye kanda, akauandika na kuufafanua, atasema mtunzi ana dhamira nyepesi. Atakuwa anamhukumu mzee kwa kosa lisilo lake.

Mambo haya hayakuanzia Vwawa. Hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa vituo binafsi, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa redio pekee Tanzania Bara, na bendi nyingi zilirekodi katika studio yake. Mashairi yalipitiwa kabla ya kurushwa. Remmy Ongala alipotunga Mambo kwa Soksi kuhusu kondomu na UKIMWI, Radio Tanzania haikuupa nafasi, ingawa watu waliujua. Nako Nairobi, walikokwenda kina Mbaraka Mwinshehe kutoa sahani za santuri, kulikuwa na mkasi wa namna nyingine: sahani ndogo ina pande mbili, na wimbo mrefu ulipasuliwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Dakika nazo ni mhariri.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema mtayarishaji ana haki, maana redio huingia nyumbani bila kubisha hodi na kuwakuta watoto na babu zao mezani. Watasema pia kwamba bila kanda za Radio Tanzania tungebaki na sifa tupu za zile tunazoziita zilizopendwa. Yote mawili nayakubali. Ila ngoma nayo ina watoto na mababu, na pale ubeti mkali ukiimbwa hadhira yenyewe ndiyo huamua: itaguna, itacheka, au itaomba urudiwe. Studioni anaguna mmoja kwa niaba ya wote, na mguno wake haurekodiwi.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja kwa walimu na wenzangu tunaokusanya nyimbo kwa ajili ya kozi. Tusiridhike na kuandika jina la fanani, mahali na tarehe. Kama wimbo umetoka kwenye kanda ya redio, tuandike pia ulirekodiwa lini na ulirushwa lini, nani alisema "Rudia" na kwa sababu gani. Na pale mtunzi angali hai, twende tukamwulize swali ambalo redio haikumwuliza: mzee, ubeti wa tatu unasemaje?