Kauli ya Kutendana: Amana na Siri katika Hadithi za Mapenzi ya Wanaume Wawili

Utangulizi

Hadithi ya mapenzi ni utanzu uliopata wasomaji wengi katika fasihi ya Kiswahili na wahakiki wachache. Aghalabu mhakiki huipitia haraka, akaitafuta dhamira ya ukombozi au ya utabaka, na asipoiona huisukuma hadithi yote kwenye kapu la fasihi pendwa. Makala haya yanakusudia kulitazama tawi moja la utanzu huo ambalo uhakiki wetu umeligusa kwa nadra mno, nalo ni hadithi zinazosimulia mapenzi baina ya watu wa jinsia moja, na hasa wanaume wawili wenye siri ya kulinda na amana ya kutunziana. Mahali nitakapopaegemea ni Kisiwa cha Mombasa na Mji wake wa Kale, kwa kuwa hapo pana jadi ndefu ya ushairi wa mapenzi, pana msamiati wa jambo hili uliokwisha kuchunguzwa na wataalamu, na pana desturi ya stara ambayo bila ya kuielewa hatuwezi kuzihakiki hadithi hizi kwa haki.

Hoja yangu ni ya kisarufi kwanza, kisha ya kifasihi. Kazi nyingi za pwani zinazoligusa jambo hili zimewasawiri wahusika wake katika kauli mbili tu: kutenda na kutendwa. Mmoja hutongoza, mwingine hutongozwa. Mmoja hutoa mali, mwingine hupewa. Lakini hadithi haistahili kuitwa ya mapenzi mpaka iifikie kauli ya tatu, yaani kutendana. Kupendana, kuaminiana na kusitiriana ndivyo vitenzi vya utanzu huu. Ninashikilia kwamba hicho ndicho kipimo tunachopaswa kukitumia, kabla ya kuuliza kama mwandishi amelaani au amesifu.

Majina na Vitenzi

Tuanze na majina. Katika Mombasa neno shoga ni neno la wanawake: mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa kufa kuzikana, wala hapana aibu. Neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume hugeuka, likawa la kumwainisha na mara nyingi la kumtweza. Mwenziwe huitwa basha. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd, katika makala yake ya mwaka 1987 kuhusu Mombasa, alionyesha kwamba maneno haya hayaelezi jinsia peke yake. Yanaeleza cheo na uwezo pia, nani mwenye mali na nani mwenye kuhitaji. Deborah Amory aliliendeleza suala hilo mwaka 1998 kwa kuyatazama majina haya pamoja na jina jipya zaidi lililotoka katika Kiingereza.

Jambo linalomhusu mhakiki wa fasihi ni kwamba kila moja kati ya majina hayo humtaja mtu mmoja na nafasi yake. Hakuna hata moja linalouelezea uhusiano wenyewe. Mwandishi anayeyategemea majina haya hujikuta ana wahusika wawili waliokwisha kugawiwa kazi kabla hawajafungua vinywa vyao.

Vitenzi vya ndoa vina tabia hiyohiyo. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa; kauli yenyewe imekwisha kumweka mmoja juu na mwingine chini. Ni kweli kwamba tunacho kitenzi kuoana, lakini katika matumizi ya kila siku hatumsemi mtu mmoja mmoja ila kwa kuoa au kuolewa. Kwa hiyo wanaume wawili katika hadithi wataweza kupendana, kungojana na kugombana bila ya lugha kuwakwaza, lakini watakapofika kwenye ndoa, sarufi itawadai waseme nani ni nani. Mgawanyo wa basha na shoga umefuata njia hii ya kuoa na kuolewa, na ndiyo maana ni vigumu kuandika hadithi ya mapenzi kwa majina hayo.

Fumbo la Mvita

Hata hivyo lugha yetu ina upande wa pili ulio karimu zaidi. Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. Tuchukue sentensi hii: "Alimngoja mpaka alfajiri, kisha akamfungulia mlango bila ya kumwuliza alikotoka." Msomaji anajua kuna subira, kuna shaka iliyomezwa, na kuna watu wawili wanaojuana vizuri. Jinsia zao hazijui. Mwandishi wa Kiingereza angelazimika kuitoa siri hiyo katika neno la kwanza. Mwandishi wa Kiswahili ana hiari ya kuishika kwa ukurasa mmoja, kwa sura moja, au kwa kitabu kizima.

Washairi wa Mvita waliijua hiari hii zamani. Tungo za Muyaka bin Haji, zilizochapishwa na William Hichens mwaka 1940 na kuchunguzwa upya na Mohamed Abdulaziz mwaka 1979, zinachanganya siasa za Mombasa na masuala ya mapenzi, na fumbo ni chombo chake katika yote mawili. Taarabu iliurithi ufundi huo. Mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba tungo za washairi wenzake wa Mvita, na mpenzi wa nyimbo za aina hiyo aghalabu hana jina wala jinsia. Kila msikilizaji humweka wake. Sisemi kwamba nyimbo hizo zilitungwa kwa ajili ya wanaume wapendanao. Kudai hivyo bila ya ushahidi ni kuwasingizia watunzi. Ninasema tu kwamba fani yenyewe iliacha mlango wazi.

Lakini fumbo lina gharama zake. Abdilatif Abdalla alipoutumia mfano wa mamba katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani iliyotokana na kifungo chake cha 1969 hadi 1972, fumbo lilikusudiwa lifumbuliwe, na msomaji aliyefumbua akabeba sehemu ya hatari. Fumbo lisilotaka kufumbuliwa na yeyote halina tofauti na kimya. Hadithi ya mapenzi ya wanaume wawili ikijificha ndani ya nafsi ya tatu kutoka mwanzo hadi mwisho, msomaji anaweza kuifurahia na papo hapo akakana kwamba ameisoma. Mwandishi hodari hutumia fumbo kama pazia, na pazia huwa na wakati wake wa kuvutwa.

Meza ya Mpingo

Kwa kuwa riwaya ya Kiswahili iliyoliweka jambo hili katikati ya masimulizi yake ni adimu, tutazame kazi ya mtu wa pwani aliyeandika kwa Kiingereza. Katika By the Sea (2001), Abdulrazak Gurnah anasimulia habari za Hussein, mfanyabiashara wa Bahrain anayefika Unguja kwa pepo za musimu, biashara ileile iliyokuwa ikileta majahazi kwenye bandari ya kale ya Mombasa. Hussein anapanga katika nyumba ya Rajab Shaaban Mahmud na kumtongoza kijana wa nyumba hiyo, Hassan. Ananunua meza ndogo ya mpingo katika duka la Saleh Omar na kumpa Hassan kama zawadi. Hatimaye Hassan anaondoka na Hussein, na nyumba yenyewe inapotea katika deni.

Meza hii ni uteuzi mzuri sana wa kisanaa. Ni tunu ya mapenzi, ni bidhaa ya dukani, na baadaye ni kitu cha kugombaniwa: Latif, mdogo wake Hassan, anatumwa kwa Saleh Omar kuidai na kurudi mikono mitupu. Lakini tazama kisichosimuliwa. Yote tunayoyajua juu ya Hussein na Hassan tunayapata kutoka kwa mtoto aliyekuwa akichungulia na kutoka kwa mwenye duka aliyekopesha fedha. Hatuambiwi kamwe Hassan alihisi nini alipoipokea meza ile, wala kama Hussein alimpenda au alimchukua tu kama faida ya safari. Hassan hutendwa. Anaporejea baada ya miaka mingi, anarejea akiwa mdai wa mali.

Katika Paradise (1994), iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022, hali ni kali zaidi. Yusuf ni mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babake, na sifa mbaya ya mnyapara Mohammed Abdalla ni tisho la mwenye nguvu kwa wanyonge. Hapo hapana mapenzi, na Gurnah hasemi kwamba yapo. Hatuwezi kumlaumu kwa kutoandika hadithi ambayo hakukusudia kuiandika. Somo lake lilikuwa deni na utumwa. Lakini msomaji ambaye amelikuta jambo hili katika vitabu hivyo tu ataamini kwamba baina ya wanaume wa pwani hapana lingine ila mwenye kununua na mwenye kununuliwa.

Barua ya Anyango

Kauli ya kutendana tunaipata bara, na tunaipata kwa wanawake. Hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, ni barua ya Anyango kwa Sanyu, wasichana wawili wa nyumba za Nakawa, Kampala. Waliponaswa na jirani, Mama Atim, Sanyu alipelekwa London. Umbo la barua ndilo linalofanya kazi hapa. Barua ina mimi na wewe, na jirani aliyewaumbua amebaki nje, akisemwa badala ya kusema. Filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki (2018), iliyotokana na hadithi hiyo, iliihamishia Nairobi. Kenya iliipiga marufuku mwaka huohuo, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Jina la filamu hiyo lingeweza kuwa somo zima la semantiki: neno la kawaida kabisa, lisilo na jinsia, linalosema kweli na kuficha kweli kwa pamoja.

Siri na Stara

Je, hadithi ya namna hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili na kuwekwa Mji wa Kale, itakuwaje? Hadithi nyingi za Ulaya na Marekani za aina hii huenda kutoka mafichoni hadi hadharani; kilele chake ni tangazo. Nadhani msuko huo ukiletwa Mombasa bila ya kubadilishwa utakuwa vazi la kuazima. Katika vichochoro vya Kibokoni na Kuze, ambako baraza inatazamana na baraza na mpita njia hutolewa salamu, siri kamili haiwezekani. Kinachowezekana ni stara. Siri ni jambo ambalo wewe hulijui. Stara ni jambo unalolijua, ukaliacha limefunikwa. Siri humhitaji mtu mmoja. Stara huhitaji mtaa.

Basi mvutano wa hadithi hiyo hautakuwa nani atajua, bali nani atasitiri. Na hapo amana inaingia: mpenzi, jirani, mama na mfanyakazi wa nyumbani, kila mmoja amewekewa kitu na anaweza kukirudisha kizima au kukivunja. Stara huweza kuvunjika kwa neno moja. Februari 2010 mjini Mtwapa, kaskazini ya kisiwa, uvumi wa arusi ya wanaume wawili uliwatoa watu majumbani na kituo cha afya kikavamiwa. Uvumi nao ni masimulizi, na siku hiyo umati ndio uliokuwa mwandishi. Sheria haikuwa kinga pia: Mahakama Kuu ya Nairobi iliyaacha makosa ya kanuni ya adhabu yasimame katika hukumu yake ya tarehe 24 Mei 2019.

Mwandishi asiitukuze stara kupita kiasi. Mwenye nyumba yake huinunua. Mpangaji wa chumba hawezi. Tena mara nyingi stara ya mwanamume imejengwa juu ya mke aliyeolewa bila ya kuambiwa. Hadithi inayowapa wanaume wawili moyo na mawazo, ikamwachia mke huyo mlango wa kupitia tu, imerudia dhulma ileile ya kutenda na kutendwa, ila imemhamisha mtendwa.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba jambo lililoharamishwa na dini ya watu wa mji huu halistahili fasihi. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye imani, nami siidharau. Lakini fasihi yetu imeandika zinaa, ulevi, rushwa na mauaji, na haikuonekana kuwa fatwa ya kuvihalalisha. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ilizuiwa shuleni kwa sababu ya mambo ya kimwili iliyoyasema, na leo hapana anayeandika historia ya riwaya ya Kiswahili akaiacha. Kusawiri si kuamrisha.

Kazi ya mhakiki basi ni kupima. Ikija hadithi ya wanaume wawili wa Mji wa Kale, tusianze kwa kuuliza kama ni ya upotovu au ya maendeleo. Tuulize kama wote wawili wana nafsi, kama amana baina yao imewekwa kwenye mtihani wa kweli, kama fumbo lake lina siku ya kufumbuliwa, na kama wale waliolipia stara yao nao wamesikika. Mwandishi wa hadithi hiyo hatahitaji kuunda sarufi mpya. Kiambishi anachokihitaji kimo katika lugha tangu zamani. Kimebaki kungojea vitenzi vya kuambikwa.