Nyumba Mgongoni: Visiwa na Miji ya Pwani katika “Travels with Charley”

Mnamo Septemba 1960 John Steinbeck, akiwa na umri wa miaka 58, aliondoka Sag Harbor, mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Long Island, akiendesha lori la GMC lililotwikwa chumba chenye kitanda na jiko. Gari hilo alilipa jina la Rocinante, farasi mkongwe wa Don Quixote. Mwenzake alikuwa mbwa, Charley. Kitabu kilichotokana na mzunguko huo kilitolewa mwaka 1962, mwaka uleule mwandishi alipotunukiwa Nobel, na kwa muda mrefu kimesomwa kama ushuhuda wa mtu aliyejitenga na watu wake ili aione nchi yake polepole, bila haraka wala mwenyeji. Dai hilo lastahili kupimwa, na pa kulipimia ni kurasa za pwani, kwani huko ndiko safari inakoanzia, na upande wa pili wa bara, pwani ya Pasifiki, ndiko mwandishi alikokulia.

Kuvuka kutoka Long Island hadi Connecticut kulimlazimu kupanda vivuko vitatu, kimoja baada ya kingine, kupitia Shelter Island. Sehemu hii ni fupi lakini haipaswi kurukwa. Chomboni msafiri anazungumza na baharia kijana wa nyambizi za nyuklia. Kijana anayapenda maisha yake. Mzee, aliyeivuka Atlantiki wakati wa vita, anaziona zile nyambizi kama vifo vinavyongoja chini ya maji. Hakuna anayemshinda mwenziwe. Hapo gari limefungwa sitahani, nyumba ya mgongoni haina kazi, na mwandishi hana budi kusimama pamoja na watu wengine.

Kisiwa cha Deer Isle, katika jimbo la Maine, ndicho kiini cha kurasa hizi. Steinbeck hakukichagua. Wakala wake wa vitabu, aliyezoea kukaa huko, ndiye aliyemshurutisha aende, ingawa alipoulizwa kisiwa hicho kina nini alishindwa kueleza. Mwandishi anavuka daraja, anaegesha gari katika kiwanja cha mama mwenye nyumba, anakutana na paka wa kijivu anayechukia watu na mbwa pasipo ubaguzi, anawasifu kambakoche wa bahari ile wanaochemshwa tu bila mapambo ya upishi. Mji wa Stonington unamkumbusha Lyme Regis ya Uingereza. Naye pia anakiri kwamba ladha ya mahali hapo yampita kalamu. Kukiri huko kuna thamani kuliko maelezo mengi ya kitabu, kwa sababu ni kwa mgeni aliyepokewa: ana mtu wa kumshukuru, na ana paka wa kumheshimu!

Msomaji wa Kiswahili ataikumbuka mara moja Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901. Sleman bin Mwenye Chande, akielekea bara, anasimulia hongo aliyodaiwa njiani. Selim bin Abakari anafika Urusi na Siberia akiwa katika utumishi wa Mzungu. Hakuna kati yao anayejifanya yuko peke yake. Kila nchi ina mwenyewe, na kupita kuna bei yake. Ndiyo maana watawala na desturi zao wanaonekana wazi katika masimulizi hayo. Rocinante iliundwa ili hongo hiyo isilipwe: mwenye kitanda chake haombi malazi, mwenye jiko lake haketi kwenye sinia la watu.

Kwa hiyo si ajabu kwamba pwani ya Pasifiki inasisimua pale gari linapoharibika. Huko Oregon, Jumapili ya mvua, gurudumu linapasuka, na mtu wa kituo cha mafuta mwenye sura ya kutisha anahangaika mpaka anampatia mengine. Ukurasa huo una uhai. Monterey nayo ina uchungu wake: viwanda vya dagaa vilivyonuka vimekwisha, sasa mji unavua watalii, na katika baa ya rafiki wa zamani msafiri anatambua kuwa wengi aliowajua wamekufa, na kwamba kwa waliobaki yeye mwenyewe ni kama mzimu. Kati ya vituo hivi, hata hivyo, pwani inapita upesi mno.

Sababu mojawapo imefichuliwa. Mwaka 2010 mwandishi wa habari Bill Steigerwald aliifuata njia ileile, akaulinganisha mswada wa kwanza, uliohifadhiwa katika maktaba ya Morgan mjini New York, na kitabu kilichochapwa. Ilidhihirika kwamba mara nyingi Steinbeck alilala hotelini, na kwamba kuanzia Seattle kushuka California alifuatana na mkewe, Elaine, ambaye siku zake za pwani ziliondolewa. Toleo la mwaka 2012 linamwonya msomaji asikichukue kitabu neno kwa neno.

Watetezi wamejibu kwamba mtunzi wa riwaya ana ruhusa. Jibu hilo ni jepesi. Kosa si kulala hotelini. Mzee mgonjwa ana haki ya kitanda laini. Hasara ni ya kisanaa: kwa kumfuta Elaine, mwandishi aliyafuta macho mawili yaliyoiona pwani ile pamoja naye kwa siku nyingi, akabaki kuzungumza na mbwa chini ya miti mikubwa.

Mtafsiri wa Kiswahili atakutana na tatizo hili tangu jalada. Akiandika “safari”, neno litaita mizigo, hongo na wenzi, mambo ambayo kitabu kinayakana. Akiandika “matembezi”, atatoa wepesi ambao Oregon na Monterey hazina. Na neno dogo “pamoja na”, linalomtaja Charley peke yake, litasema jambo ambalo mswada wa New York haukubaliani nalo.