Jina Kabla ya Moto: Chanzo cha Vita katika Chozi la Heri

Utangulizi

Riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei ilitahiniwa katika mtihani wa KCSE kuanzia mwaka 2018 hadi 2022. Ijapokuwa muda wake katika orodha ya vitabu teule umekwisha, riwaya hii ingali ni kioo cha kuaminika cha swali linalomhusu kila mwalimu wa fasihi nchini: ni nini huifanya nchi inayopiga kura ifike ukingoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe? Mtahiniwa wa kawaida akiulizwa swali hili huandika neno moja, "ukabila", kisha akataja nyumba ya Ridhaa iliyoteketezwa na kuhamia hoja ya pili. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba riwaya yenyewe inatupa jibu pana zaidi. Aidha, tutabainisha mahali ambapo riwaya inanyamaza, kwa sababu mhakiki hana budi kusoma kilichoandikwa na kisichoandikwa.

Ukabila hautoshi kuwa jibu

Kusema kwamba watu walipigana kwa sababu ya ukabila ni sawa na kusema kwamba nyumba iliungua kwa sababu ya moto. Mhakiki anapaswa kuuliza moto uliwashwa na nani, kwa kuni zipi, na kwa nini siku hiyo wala si nyingine. Makabila yameishi pamoja Trans Nzoia na Bungoma kwa miongo mingi; yanauziana mahindi, yanaoana na kuzikana. Kama ukabila peke yake ungetosha kuleta vita, vita hivyo visingekoma hata siku moja.

Sisi tunaofundisha upande huu wa Kitale tuna mfano wa karibu. Katika Mlima Elgon, mgogoro wa ardhi ya makazi ya Chepyuk ulizaa kundi lililojihami la Sabaot Land Defence Force, ambalo liliwahangaisha wakazi kuanzia mwaka 2006 hadi jeshi la taifa lilipoingia mlimani mwezi Machi 2008. Mamia ya watu waliuawa. Hata hivyo, kiini cha ugomvi huo kilikuwa baina ya Wasoy na Wamosop, pande mbili za jamii moja ya Wasabaoti. Lugha ilikuwa moja, mlima ulikuwa mmoja, lakini orodha ya waliopewa ardhi iliwagawa. Mwanafunzi anayeandika "ukabila" ataelezaje vita vya watu wa kabila moja?

Jina kabla ya moto

Matei anaijibu changamoto hii kwa ustadi kupitia mbinu rejeshi. Riwaya inafunguka wakati maafa yamekwisha kutokea. Ridhaa, daktari na mzazi, amesimama mbele ya magofu ya maisha yake. Mkewe Terry na wapendwa wengine wameangamia katika moto. Jirani yake, Mzee Kedi, ndiye anayehusishwa na unyama huo. Laiti mwandishi angeishia hapo, tungekuwa na kisa cha kusikitisha tu. Lakini fikra za Ridhaa zinarudi nyuma hadi utotoni, na hapo ndipo tunapokutana na chanzo.

Familia ya Ridhaa ilikuwa imehamia Msitu wa Heri kutafuta ardhi. Siku zake za mwanzo shuleni, watoto wenzake walimtenga na kumwita "mfuata mvua". Tukio hili ni dogo kwa umbo lakini ni zito kwa maana. Mtoto hajui sheria za ardhi wala hajui siasa. Jina hilo amelisikia nyumbani, kwa watu wazima waliokuwa wakizungumza jioni. Jina linamwambia Ridhaa kwamba yeye ni mgeni, na kwamba mgeni huyu amekuja kufuata neema ya wenyewe. Yeye atasoma, atakuwa daktari, ataoa na kujenga, lakini jina halitafutika. Litakaa kama kaa la moto chini ya majivu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Wingu la vita katika riwaya hii ni jina alilopewa mtoto wa shule.

Mwandishi anairudia hoja hii kwa Subira, mkewe Kaizari. Yeye anachukiwa na mavyaa yake kwa kuwa ametoka katika jamii nyingine, na anaitwa "muki". Hapa hapana kura wala mgombea. Jina limeingia jikoni na kuivunja familia. Kwa kuyaweka majina haya mawili, moja shuleni na jingine nyumbani, Matei anatuonyesha kwamba mgawanyiko wa kisiasa hauzuki siku ya uchaguzi. Mwanasiasa anaukuta ukiwa tayari; kazi yake huwa kuupuliza tu.

Historia ya Kenya inaiunga mkono riwaya. Mapigano ya mwaka 1991 yalianzia shamba la Meteitei huko Nandi mwezi Oktoba, wakati kilio cha vyama vingi kilipokuwa kimepamba moto, nayo katiba ikarekebishwa kuruhusu vyama hivyo mwezi Desemba mwaka uo huo. Ghasia zilienea hadi Trans Nzoia na Bungoma. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mwaka 1993 kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kufurushwa makwao nchini. Katika miaka hiyo na baadaye, neno "madoadoa" lilitumiwa kuwaelezea majirani waliotakiwa waondoke. Neno hilo halimtaji mtu. Linataja uchafu juu ya nguo, na kila mtu anajua uchafu hufanywa nini. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki ya kuepukwa kwenye kampeni, na miongoni mwake yalikuwamo "madoadoa", "kwekwe" na "mende". Mwalimu na awakumbushe wanafunzi kwamba Rwanda, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Watutsi waliitwa mende pia. Kwa hivyo, somo la sitiari si la kutafutia alama tu. Mwanafunzi aliyejifunza kuchambua sitiari anaweza kumsikia mchochezi kabla wengine hawajamsikia.

Ardhi na kura

Jina pekee, hata hivyo, haliui. Riwaya inaonyesha mambo mengine mawili yanayolitia nguvu. La kwanza ni ardhi. Ridhaa ni "mfuata mvua" kwa sababu anakaa mahali ambapo wengine wanahisi ni pao. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru mwaka 1963, mashamba yaligawanywa kupitia mipango ya makazi, mengine yakanunuliwa kwa hisa na vikundi vya watu kutoka sehemu mbalimbali, huku wengine waliofukuzwa na mlowezi wakisubiri kurejeshewa. Hati ya kumiliki shamba ikawa mkononi mwa mmoja, na kumbukumbu ya babu ikawa moyoni mwa mwingine. Wote wawili wanaamini wana haki.

La pili ni kura. Katika taifa la Wahafidhina, Mwekevu anamshinda mpinzani wake wa kiume na walioshindwa wanakataa kuongozwa na mwanamke. Ghasia zinazuka, Kaizari na familia yake wanatendewa unyama nyumbani kwao, na ndoa ya Selume inavunjika kwa sababu ya tofauti hizo hizo za kijamii na kisiasa. Hapa ndipo tunapaswa kuwa makini. Riwaya haituelekezi kuushuku ushindi wa Mwekevu. Kosa lote linawekwa kwa wanaoukataa. Lakini ghasia za mwaka 2007 na 2008, ambazo wasomaji wengi huziona nyuma ya riwaya hii, zilikuwa na sura nyingine. Ubishi ulihusu hesabu yenyewe, na tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ilihitimisha kwamba kasoro zilizidi kiasi cha kutowezekana kubainisha mshindi wa urais. Upande uliolalamika haukwenda mahakamani, kwa kuwa haukuamini ungepata haki huko. Tume ya Jaji Philip Waki ilirekodi vifo 1,133, na watu zaidi ya 350,000 walihama makwao, wakiwemo waliopiga hema Endebess na Kitale.

Tofauti hii kati ya riwaya na historia ina uzito. Demokrasia ni mashindano, na kila mashindano huhitaji mwamuzi. Mwamuzi akikosa kuaminika, mshindi na mshinde hubaki wawili uwanjani, kila mmoja na rungu lake. Nchini Côte d'Ivoire, baada ya uchaguzi wa mwaka 2010, Laurent Gbagbo na Alassane Ouattara waliapishwa wote wawili, na nchi ikaingia vitani. Watu wapatao 3,000 waliuawa. Kenya iliponea kwa mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Februari 2008 chini ya usuluhishi wa Kofi Annan. Baadaye katiba ya mwaka 2010 ilianzisha Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 1 Septemba 2017 ilibatilisha uchaguzi wa urais. Matei, kwa kuuweka uzito wote kwenye chuki dhidi ya mwanamke na jamii, ameuchora vizuri moyo wa mwananchi lakini amempa mwamuzi nafasi finyu. Mtahiniwa anayelitambua jambo hili atakuwa amevuka usimulizi na kuingia katika uhakiki.

Kimya cha Mzee Kedi

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Tunamfahamu Kedi kupitia macho na machungu ya Ridhaa. Hapewi nafasi pana ya kujieleza. Aliambiwa nini, na nani? Aliogopa nini? Alilala vipi usiku uliofuata? Riwaya inamhurumia aliyechomewa, na ni haki kufanya hivyo. Lakini haimwonyeshi vya kutosha mtu wa kawaida anayegeuka kuwa mchomaji.

Tazama namna riwaya inavyotibu majeraha. Ridhaa anaanzisha hospitali ya Mwanzo Mpya. Mwanawe Mwangeka anamwoa Apondi, nao wanampokea Umu kama mtoto wao. Ndugu waliotawanyika, Umu, Dick na Mwaliko, wanakutana tena. Haya ndiyo machozi ya heri yanayodokezwa na anwani. Uponyaji huu unatendeka ndani ya familia, na ni mzuri ajabu. Lakini ni uponyaji wa upande mmoja wa ua. Upande wa pili, nyumba ya Kedi ingali imesimama kimya. Je, yaweza kuwa amani kamili ikiwa jirani hajaulizwa na hajajibu?

Riwaya iliyofuata katika orodha ya vitabu teule, Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, inaelekea kulijaza pengo hili kwa njia nyingine. Katika Matuo, mgawanyiko kati ya Waketwa na Wakule unaonyeshwa ukipangwa ofisini. Mangwasha anafanya kazi katika ofisi ya Chifu Mshabaha, na kupitia kwake tunaona kwamba kuchomwa kwa makazi ya Matango si hasira ya ghafla ya jirani. Ni mradi wa wakubwa wanaoitaka ardhi. Ukiziweka riwaya hizi bega kwa bega, ya Matei inakuonyesha anayeungua na ya Momanyi inakuonyesha anayepanga. Anayebeba kiberiti, kijana wa kawaida au jirani wa miaka mingi, bado anasubiri mwandishi wake.

Mwalimu darasani

Jambo hili lina uzito wa pekee katika shule za mazingira kama ya Matisi, ambapo jamii nyingi zinaishi ua kwa ua. Katika darasa moja huenda ameketi mjukuu wa aliyefukuzwa na mjukuu wa aliyefukuza, na pengine wanashirikiana kitabu kimoja. Mwalimu akifundisha kwamba Kedi ni mnyama tu, atakuwa amempa mtoto mmoja jina la kumwita mwenzake. Akikwepa mada kwa hofu, atakuwa ameliacha somo mikononi mwa wanasiasa. Njia ya kati ni kumtetea Ridhaa bila kigugumizi, kisha kumhoji Kedi bila kumsamehe kwa haraka. Kueleza sababu si kuhalalisha tendo. Wanafunzi waandike barua ambayo Kedi angemwandikia Ridhaa, kisha jibu la Ridhaa. Watagundua wenyewe jinsi ilivyo vigumu.

Kwa mtahiniwa, swali linalohusu vyanzo vya vita lijibiwe kwa mfuatano: majina ya ubaguzi, ugomvi wa ardhi, kutokubali matokeo ya kura, na kushindwa kwa taasisi kuwalinda raia. Kila hoja iambatane na mhusika na tukio. Asichanganye Wahafidhina na Kenya kana kwamba ni kitu kimoja. Riwaya si ripoti ya tume.

Hitimisho

Tumebainisha kwamba Chozi la Heri inatufunza kuutafuta mwanzo wa vita mbali na siku ya kura, katika jina ambalo mtoto alimwita mtoto mwenzake. Tumeona pia kwamba inamwacha mwamuzi pembeni na jirani mchomaji gizani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa kwanza huwa mdomoni, ambako mwalimu wa lugha ana kazi kuliko askari.

Maswali ya kujadili

1. "Majina huua kabla ya moto." Thibitisha ukirejelea Ridhaa na Subira.
2. Uponyaji unaoonyeshwa mwishoni mwa riwaya ni wa familia, si wa taifa. Jadili.
3. Linganisha nafasi ya ardhi katika migogoro ya Chozi la Heri na Nguu za Jadi.